Nyundo ya Miraji

Mtaa mzima wa Barabara ya Nane, Ngamiani, ulijua kuna jambo kwa Miraji sonara kabla ya mtu yeyote kuambiwa, maana asubuhi ile ya Jumatano nyundo haikulia. Watu walishazoea. Jua likipanda kidogo tu, ko, ko, ko, barazani kwa Miraji, mpaka adhana ya adhuhuri. Bi Mwatumu, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi, alizoea kusema kitinda mimba wake hakubembelezwa kwa nyimbo, kalala kwa nyundo ya Miraji. Siku hiyo alisimama uani na ufagio mkononi, akatega sikio, akasema, "Kimya gani hiki leo?" Akaingia kwa jirani bila hodi, akamkuta Mwanamkasi anamfunga mumewe kidevu kwa kitambaa cheupe.

Walimzika kesho yake, baada ya Idarusi, mdogo wake marehemu, kufika kutoka Mwera. Idarusi ndiye aliyesimama makaburini, machozi yanamtoka, akatangaza kama ilivyo ada: "Anayemdai ndugu yangu anione mimi." Hakujitokeza mtu. Watu wakarudi wakisema Miraji kafa mwepesi, hana deni wala ugomvi, ameacha mke, binti mmoja na jina. Jina hasa. Ukivaa pete ya Miraji Tanga hii, huulizwi umeipata wapi.

Sasa niwaambie. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini hii hata mwosha hakuiona. Miraji alikuwa na miaka tisa hajatengeneza pete hata moja.

Mikono ilianza kumtetemeka mwaka wa arobaini na saba. Pete ya mwisho aliyoichora mwenyewe ilipinda mistari, akamwambia mkewe kwamba ameiyeyusha, asije akaiona mtu. Akauza vyombo vyake vyote, wakala hela mpaka zikaisha. Ndipo Mwanamkasi, aliyemvutia mivuo ya kuchochea moto miaka yote na macho yake yakiwa kazini, alipovua bangili mbili za mahari yake, akazipeleka mjini, akarudi na fuawe ndogo, nyundo mbili, koleo, tupa na kalamu za chuma za kuchorea. "Kaa hapa unielekeze," alimwambia mumewe. Miraji akaelekeza. Mwaka haukuisha, mwanafunzi akampita mwalimu. Lakini nani atampa mwanamke fedha yake aiyeyushe? Na Miraji naye aitwe nani, mume wa sonara? Basi Mwanamkasi akawa anafanya kazi chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na Miraji anakaa barazani na nyundo ya pili na kipande cha reli alichookota karibu na stesheni, anagonga. Anagonga chuma kitupu ili watu wasikie. Kugonga hakutaki mkono uliotulia.

Msidhani alikuwa mtu wa kula sifa za mwenziwe. Mteja akisifu kazi, Miraji huinuka papo hapo, huingia ndani, huketi, na humweleza mkewe neno kwa neno. "Yule mzee wa Moa kaivaa, kaigeuza, kaniambia hajaona nakshi kama hii tangu enzi za babake. Sifa zako hizo. Nimezileta zote, sikuzidokoa." Mwanamkasi hucheka akamwambia atoke, ampishe afanye kazi. Na mara moja, siku ya homa, Miraji alimwambia, "Mwanamkasi, nikifa, sema. Mimi sitakuwapo kuona haya." Mkewe akamjibu, "Niondolee mikosi yako hapa." Mazungumzo yakaishia hapo.

*

Siku ya tatu ya msiba, mkeka wa matanga ungali chini, ilisikika hodi ngeni mlangoni. Alikuwa kijana mmoja amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, ameshika kofia. Jina lake Zebedayo, karani wa shamba la mkonge kule Maramba, Mshambaa, Mlutheri. Alipoona mkeka na watu wamejiinamia, akajua, akabaki anaizungusha ile kofia mikononi.

"Poleni jamani. Mimi sikujua. Nilimletea mzee rupia nne za Mdachi, za babu yangu, Jumatatu hii, anitengenezee pete mbili za ndoa. Yangu alinipima mwenyewe. Ya mchumba nilimwambia nitaleta kipimo, maana yeye yuko kwao Lushoto. Ndiyo barua imefika jana, na kipimo kimo ndani."

Akatoa uzi mwekundu wenye mafundo mawili. Kutoka fundo hadi fundo ndiyo kidole cha Benedikta, mchumba wake. Saleha, binti wa marehemu, msichana wa miaka kumi na saba, aliupokea ule uzi na kuupeleka ndani kwa mamake aliyekuwa ameketi eda.

"Mama, tumrudishie rupia zake aende zake?"

"Rupia zipi?" Mwanamkasi alinong'ona. "Jumanne nimeziyeyusha zote. Hapa nina mche wa fedha tu. Nimpe donge? Aende Maramba akasema Miraji wa Ngamiani kafa na rupia za babu yake?"

"Arusi yake lini?"

"Muulize wewe, mimi nimo edani."

Arusi ilikuwa baada ya wiki mbili. Mwanamkasi aliuzungusha ule uzi kidoleni mwake mwenyewe, ukafika nusu. Kidole chembamba, cha msichana. Akafikiri juu ya mumewe aliye chini ya mchanga na amana ya mtu shingoni, akaona hawezi kulimeza lile tonge la fikra. "Mwambie aje baada ya siku kumi. Mwambie marehemu alikwisha kuzianza."

"Mama, na eda?"

"Eda imenikataza kuvaa pete. Sijasikia kuwa imenikataza kuifanya."

Tabu ilikuwa sauti. Nyundo ikilia nyumba ya msiba, mtaa mzima utaingia kuuliza nani anagonga. Mwanamkasi aliivisha nyundo ngozi ya kiatu kikuukuu cha Miraji, ikapunguza lakini haikunyamaza. Saleha ndiye aliyepata shauri. Akachukua kinu, akakiweka uani chini ya dirisha, akaanza kutwanga kisamvu. Mama akipiga nyundo ndani, binti anashusha mchi nje, mdundo mmoja. Siku ya kwanza kisamvu, ya pili kisamvu, ya tatu kisamvu. Bi Mwatumu akachungulia ukutani.

"Jamani, nyinyi mtakula majani mpaka muote matawi!"

"Mama ndicho anachotamani," Saleha akajibu, jasho linamtiririka.

"Na huo ukwaju ninaousikia unachemka?"

"Wa mchuzi, bibi."

Ukwaju ulikuwa wa kusafishia fedha. Saleha alicheka kidogo baada ya jirani kuondoka, ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu babake azikwe, halafu akalia, akaendelea kutwanga. Ndani Mwanamkasi alikuwa anachora. Mistari miwili ya sambamba kuzunguka pete, kama alivyofundishwa, na katikati yake vitone vidogo, kama alivyobuni mwenyewe. Alipomaliza alijikuta anageuza uso kuelekea barazani, anangoja mtu aingie amwambie mteja kasema nini.

Zebedayo alirudi siku aliyoambiwa. Akaivaa yake, ikamkaa. Ya Benedikta aliitia ule uzi aliorudishiwa, mafundo yakakutana sawasawa. Akautazama uzi. Akalitazama pazia, maana nyuma yake kulikuwa na mtu anapumua. Kijana alikuwa karani, kazi yake kutwa ni kuona kilichoandikwa na kisichoandikwa.

"Mama," alisema taratibu, "huyu aliyezimaliza, mkono wake ubarikiwe."

"Marehemu huyo, mwanangu," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Alikwisha kuzimaliza."

"Naam, mama," akasema Zebedayo, akautia uzi mfukoni mwa shati. Ujira aliahidi kuuleta akilipwa mshahara.

*

Arobaini ilipopita, Idarusi alikuja tena kutoka Mwera. Hakuja kwa ubaya, hilo nalisema mapema, msije mkamfanya shetani. Alikuwa mtu wa minazi, na minazi yake nusu ilikuwa rehani. Aliketi kwenye kiti barazani, shemeji yake nyuma ya pazia, akakohoa.

"Shemeji, u hali gani?"

"Alhamdulillahi. Huko Mwera hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu. Shemeji, mirathi haicheleweshwi. Nyumba ni ya kupanga, nguo tumezitoa sadaka. Vilivyobaki ni vile vyombo vya ndugu yangu. Nimekwenda kwa sonara mmoja mjini, atatoa shilingi mia mbili kwa vyote. Maalim Sadalla atakuja Alhamisi kutugawia kama Mungu alivyogawa. Thumuni yako utaipata, nusu yake Saleha ataipata, na mimi kilichobaki."

Nyuma ya pazia Mwanamkasi aliuweka chini ungo wa mchele aliokuwa anauchagua.

"Shemeji?"

"Nimesikia. Vile vyombo nilivinunua mimi, shemeji. Kwa bangili za mahari yangu."

"Najua, Miraji aliniambia, Mungu akulipe. Ulimnunulia mumeo ulipomwona ameishiwa. Lakini zawadi ikishatoka mkononi, imetoka. Au wewe fuawe ulijinunulia ya nini, ya kuponda nazi?" Akacheka, si kwa dharau, ni mzaha wa mashemeji. "Vikikaa humu vitaota kutu tu."

Alipoondoka Saleha aliingia kwa mamake kama aliyefukuzwa.

"Mama, Alhamisi utasema."

"Nitasema."

"Wallahi?"

"Babako aliniruhusu kwa kinywa chake. Alisema nikifa sema." Mwanamkasi alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, na vidole vyake, vyenye makovu ya moto kila kimoja, vilikuwa vinatupa chuya na mchele pia. "Vikienda vyombo vile sisi tutakula nini? Mimi sijui kushona, sijui kusuka ukili. Najua hiki tu."

"Basi sema, mama. Waambie kazi ilikuwa yako. Eda ikiisha walete hata fedha ya pete moja, uifanye mbele yao, wanyamaze."

"Nimesema nitasema, Saleha. Unanikaba wewe."

Siku tatu zile alijifunza maneno yake kama mtoto wa chuoni. Maalim, Mungu ni shahidi, mume wangu alikuwa mgonjwa wa mikono. Ugonjwa si aibu. Maalim, vile vyombo ni vya kazi yangu mimi. Aliyasema akipepeta, akayasema akitawadha. Yalikuwa maneno mazuri, na ya kweli yote.

*

Alhamisi wanaume saba walikaa mkekani: Maalim Sadalla na kilemba chake na Kurani mapajani, Idarusi, na majirani watano wa kushuhudia. Vyombo vilipangwa katikati: fuawe, nyundo mbili, koleo, tupa, kalamu za chuma, mivuo. Wanawake walikuwa uani na buli la kahawa. Mwanamkasi alikuwa nyuma ya pazia, na Saleha amesimama pembeni ya pazia, nusu ndani, nusu nje.

Maalim alisoma, akaomba dua, akasema, "Fuawe haikatwi vipande vinane, kwa hiyo vitauzwa na hela itagawanywa. Kabla ya hapo nauliza, kama sharia inavyotaka: kuna mwenye haki yake humu ambayo si mirathi?"

"Maalim," sauti ya Mwanamkasi ikatoka, "vile vyombo..." Ikakwama. "Maalim, mume wangu..."

"Sema, Mama Saleha, usiogope."

Hakuweza. Yale maneno yote aliyoyakariri yaligoma kutoka. Saleha akaona mambo yanaharibika, akapasuka.

"Ni vyake mama! Pete zote ni kazi ya mama, miaka tisa. Baba mikono ilikuwa inamtetemeka, hakuweza kushika kalamu."

Idarusi akainua kichwa. "Wewe mtoto, unamsema babako hivyo, hata kaburi halijatitia?"

"Ndiyo kweli, ami."

"Kweli gani?" Bi Mwatumu akadakia kutoka uani. "Mbona nyundo tulikuwa tunaisikia kila siku ya Mungu? Tulikuwa tunasikia nyundo ya nani, ya jini?"

"Baba alikuwa anagonga kipande cha reli. Kile pale nje. Alikuwa anagonga ili msikie."

Mkekani vichwa vikageuka kukitazama kile kipande. Halafu mmoja wa wale majirani, mtu mnene mwenye kahawa mkononi, akaanza kutikisika mabega. "Kipande cha reli! Mtu mzima na ndevu zake anagonga chuma kitupu miaka tisa, kama mtoto anayecheza kibaba-baba!" Wenzake wakajizuia, wakashindwa. Kicheko kikatoka. Uani nako mwanamke mmoja akajifunika kanga mdomoni. Maalim akasema, "Astaghfirullah, jamani, ni maiti huyu," lakini naye alikuwa anakuna ndevu kuficha mdomo.

Mwanamkasi alikisikia kile kicheko. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa matusi hata, lakini kwa kicheko hakujiandaa.

Papo hapo hodi ikasikika barazani. Ni Zebedayo, kaleta ujira wake na chane ya ndizi za kwao Usambaa. Alikuwa amesimama pale nje muda, heshima imemzuia kuingia, na yote ameyasikia.

"Samahani wazee wangu, shikamooni. Mimi si wa mji huu wala si wa dini yenu. Lakini huyu binti asiitwe mwongo. Mimi nina ushahidi."

"Marahaba. Ushahidi gani?" Maalim akauliza.

Kijana akatoa uzi mwekundu mfukoni. "Hiki ndicho kipimo cha mke wangu. Nilikileta hapa siku ya tatu ya msiba, mzee ameshazikwa. Pete imekaa fundo kwa fundo. Mtu aliye kaburini hapimi uzi."

Kicheko kikakatika. Yule mnene akaweka kikombe chini. Maalim aliupokea ule uzi, akaunyoosha kati ya vidole, akaelekea pazia, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kadhi.

"Mama Saleha, neno sasa ni lako. Ukisema kuwa kazi ilikuwa yako na vyombo ulijinunulia kwa kazi yako, ukaapa, vinatoka katika mirathi. Hakuna wa kukupinga, hata Idarusi."

"Kama ni haki yake, mimi sitakula haramu," Idarusi akasema chini chini. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Aliitazama ile nyundo ya pili, akatikisa kichwa. "Lahaula. Miraji ndugu yangu. Miraji kweli wa kunifanyia mimi hivi, watu wananisifia ndugu, kumbe..."

"Fundi wa jina," mtu akanong'ona.

Na mwingine, kwa sauti ndogo kabisa, ya kumchekesha jirani yake tu, akagonga kikombe kwa ukucha: ko, ko, ko.

Vyombo vilikuwa vyake. Kilichotakiwa ni neno moja. Mwanamkasi alijua pia kwamba kesho neno hilo litakuwa sokoni, kesho kutwa litafika Pangani, na mtu akimwita mwenziwe mwongo atamwita Miraji. Alimwona mumewe anaingia pale chumbani, anaketi, anamletea sifa zake zote bila kuzidokoa. Alikuwa ameruhusiwa, ndiyo. Lakini aliyemruhusu alidhani hatakuwapo, na Mwanamkasi alimwona yupo, amekaa katikati ya wale watu saba, anachekwa.

"Maalim," alisema, na sauti haikumkwama tena. "Mtoto ana uchungu wa babake, msimlaumu. Hajui asemalo. Pete alizifanya Miraji."

"Mama!" Saleha akapiga kelele.

"Nyamaza. Na huyu bwana kasahau. Nyuzi zilikuwa mbili. Wa kwanza alikuja nao Jumatatu, marehemu akaufanyia kazi. Huu wa pili haukuongeza wala haukupunguza."

Zebedayo alilitazama pazia kwa muda mrefu. Halafu akaupokea uzi wake kwa Maalim, akaukunja.

"Huenda nimesahau, mama," akasema. "Arusi ina mambo mengi."

Idarusi alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Yule mnene akasema, "Nilijua mimi, mtoto huyu kalishwa maneno." Bi Mwatumu kule uani akamwambia kila aliye karibu kuwa yeye masikio yake hayana ukungu, nyundo ile aliisikia. Maalim Sadalla akafungua Kurani, akagawa.

*

Mjumbe wa sonara wa mjini alikuja na mkokoteni siku ileile. Idarusi alivibeba vyombo mwenyewe, kimoja kimoja, kwa adabu, akavibusu kabla ya kuvipakia kwa kuwa vilikuwa vya mkono wa ndugu yake. Kile kipande cha reli alikigeuza kwa mguu. "Hiki si cha kazi," akasema, akakiacha barazani.

Saleha hakumtukana mamake. Afadhali angemtukana. Alimwambia neno moja tu, siku ile, akiwa anazoa makombo mkekani: "Umeniita mwongo mbele ya watu, mama." Baada ya hapo alisema ya lazima. Mama, maji ya kuoga. Mama, chakula. Kwa thumuni ya mama na nusu ya binti walinunua unga, mafuta na chuma cha vitumbua, na ile mikono iliyokuwa inachora vitone visivyoonekana bila kukodoa macho ikawa inageuza vitumbua kwa kijiti. Saleha alivipeleka sokoni kila asubuhi. Akirudi na vilivyobaki hasemi, akirudi mtupu hasemi. Watoto wa mtaani wakapata pahali pa kupasulia kungu, lile shimo dogo katikati ya kipande cha reli, lililochimbwa na nyundo miaka tisa.

Na jina la Miraji likazidi. Watu walisema pete zile sasa hazipatikani tena, aliyenayo aishike.

*

Eda ilikwisha Ijumaa. Wanawake wakaja kumwogesha Mwanamkasi, wakamfukiza udi, wakamtia mafuta ya nazi kichwani, wakamvisha leso mpya. Bi Mwatumu ndiye aliyemsuka. Wengine walipokwisha kuondoka, yeye akabaki, anazungukazunguka, mtu mwenye neno mdomoni asilojua atalianzaje. Mwisho akaketi, akafungua pindo la kanga yake.

"Mwenzangu, nimekutazama hii mikono mitupu nikaona sivyo. Mume kafa, vyombo vimekwenda, huna hata kimoja cha mkono wake cha kumkumbukia. Mimi nina pete tatu kazi ya Miraji." Akanyoosha mkono, mbili zinang'aa kidoleni, mistari na vitone vyake. "Hizi mbili ni nzuri, usinichukie, siwezi kuachana nazo. Lakini hii chukua. Nakwambia kabisa ni mbovu. Alinipa zamani kwa deni la samaki, akaniambia, Bi Mwatumu, ifiche, usiivae mbele za watu. Nafikiri siku hiyo alikuwa na homa."

Mwanamkasi aliipokea. Ilikuwa imepata weusi kwa kukaa kwenye kibweta. Aliifuta kwa pindo la leso mpya, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mistari miwili iliyotakiwa kwenda sambamba ilikuwa inagusana, inaachana, inagusana tena, na pahali kalamu ilikuwa imeteleza kabisa ikakwaruza mpaka ukingoni, ikarudishwa, ikateleza tena. Mtu alikuwa amejitahidi sana juu ya pete ile. Hakuwa ameiyeyusha.

Saleha alikuwa anapita mlangoni na beseni la maji akayamwage. Akamwona mamake, akaiona pete. Akaliweka beseni chini pale pale mlangoni, akaja, akapiga magoti, akaishika ile pete pamoja na kidole cha mamake.

"Mama," alisema. Miezi mitatu alikuwa hajalitamka neno hilo bila maji au chakula kulifuata. "Mama, hii ya baba."

"Si ndiyo ninavyosema?" Bi Mwatumu akadakia. "Zote za babako."

Mwanamkasi aliivaa. Ilimpwaya kidogo. Ndipo alipolia, kilio alichokuwa hajakilia siku ya maziko wala siku ya mkokoteni, kilio cha sauti, kichwa kwenye bega la bintiye, mpaka kuku uani wakakimbia. Bi Mwatumu alibabaika, akawa anampapasa mgongo kwa ule mkono wake wenye pete mbili.

"Basi, basi mwenzangu, usilie. Ningejua itakuuma hivi, ningekupa moja ya hizi nzuri."